Fagio Tumboni mwa Bertin

Alfajiri ya siku ya tisa Reine aliamshwa na sauti ya mtu anayefagia uwanja. Fwaa, fwaa, fwaa. Fagio la njiti kwenye ardhi kavu, pole pole, bila haraka. Akajiambia, leo jua litatokea magharibi, maana mwenye kazi ya kufagia ni Sephora, binti yake wa miaka kumi na mmoja, na kumtoa Sephora kitandani kabla ya saa moja kunahitaji maji ya baridi na vitisho. Akajifunga kitenge, akafungua mlango wa nyuma ili ampongeze mtoto.

Uwanjani hapakuwa na mtu. Majani ya mparachichi yalilala palepale yalipoangukia jana. Fagio lilikuwa limeegemea ukuta wa choo. Akachungulia chumba cha mtoto: Sephora yuko fofofo, mdomo wazi.

Na bado sauti inafagia.

Reine akaifuata kwa masikio, hatua kwa hatua, akarudi ndani ya chumba chake mwenyewe, mpaka kitandani, mpaka juu ya mume wake Bertin aliyelala chali, mikono kifuani. Akainama, akamwekea sikio tumboni. Fwaa, fwaa, fwaa. Lilikuwa humo. Lilifagia kutoka kushoto kwenda kulia, likafika pembeni, likanyamaza kidogo kama mtu anayezoa taka, likaanza upya.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Reine alimfinya mumewe sikio.

“Baba Sephora! Lamuka! Mu tumbo yako muko nini?”

Bertin hakufungua macho. “Ni usafi,” akasema. “Iache itumike kazi yake.”

Ngoja niseme mapema, nisije nikasingiziwa kwamba nachukia dawa za miti. Mimi sina ugomvi na limau. Sina ugomvi na kitunguu saumu wala na mlonge. Bibi zetu waliishi kwa hivyo na wakawazika madaktari wengi tu. Ugomvi wangu ni na mtu asiyejua pa kuishia.

Bertin alifanya kazi kiwanda cha shaba pale Shituru, mjini Likasi, upande wa matangi ya asidi, ambako jiwe linasagwa, linaloweshwa, linaondolewa kila kisicho shaba mpaka inabaki shaba peke yake. Miaka kumi na sita ya vumbi na mvuke. Baba yake alifanya kazi hiyohiyo, akafa akikohoa. Kwa hiyo Bertin alipoanza kukohoa kiangazi hiki, dada yake mkubwa Orpa, mjane, muuza dawa za asili sokoni, alikosa usingizi. Akaja na kikapu na daftari.

“Mulamu,” akamwambia Reine, kama mawifi wanavyoitana pale mjini, “ndugu yangu iko na vumbi ya miaka yote mu mwili. Tunamusafisha siku makumi mbili na moja. Sitaki kuzika muntu wa pili na ile kikohozi.”

Nani angekataa? Limau na maji ya moto kabla jua halijachomoza. Kitunguu saumu. Unga wa mlonge. Kujifukiza kwa majani ya mikaratusi, blanketi kichwani, mpaka jasho lichuruzike. Nyama hapana, mafuta hapana, chumvi hapana. Na kila siku ya tatu, puwari, ule mpira wa kuoshea tumbo kwa chini ambao hakuna mtoto wa Likasi asiyewahi kuukimbia.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Kikohozi kilipungua. Bertin alipanda ngazi za kiwandani bila kusimama katikati. Hata Reine alianza kunywa limau kwa siri, yeye mwenye malewa yake karibu na reli, kibanda cha bukari, yaani ugali, na samaki ambacho wafanyakazi wa zamu hawakipiti bila kuingia, yeye aliyeamini kwamba mtu anayekataa mafuta ana neno moyoni.

Siku ya nane Orpa akaleta udongo.

Ulikuwa wa kijani, laini kama unga, ndani ya chupa ya mayonezi. Aliupata kwa mchimbaji mmoja wa Kambove, ambaye aliukuta chini ya kichuguu cha zamani msituni, pamoja na vigae vyeusi vilivyoungua. Orpa alikuwa ameona kwenye simu kwamba huko Ulaya watu wanakunywa udongo wa kijani, eti unanyonya sumu zote mwilini. Hilo sasa ni kosa ambalo mtu wa Likasi hasamehewi. Mtoto wa hapa anajua udongo wa kijani maana yake nini: hapo chini kuna shaba. Lakini mtu akishaingiwa na hofu ya kumzika ndugu yake, macho yake yanaona yanachotaka kuona. Kijiko kimoja, maji ya uvuguvugu. Bertin akanywa, akajifuta midomo, akasema hauna ladha. Kesho yake fagio likaanza.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa harufu. Reine alilinusa shati la kazi la mumewe ili alitenge na nguo nyingine za kufua, kama alivyofanya miaka kumi na miwili, na shati halikunuka kitu. Si jasho, si asidi, si hata sabuni. Akanusa kwapa. Hakuna. Siku ya kumi na moja akagundua kwamba mbu wanamwuma yeye peke yake. Siku ya kumi na mbili Bertin aliingia kwenye malewa mchana, na nzi waliokuwa juu ya sahani zote wakainuka kwa pamoja, wakatoka nje, wakakaa juu ya ukuta mpaka alipoondoka.

“Bwana yako amekuwa muzuri,” wateja wakamwambia Reine. “Anang'aa!”

Aling'aa kweli. Ngozi yake ilishika wekundu fulani, mithili ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na hata alipokaa karibu na jiko la makaa tone la jasho halikumtoka. Reine alicheka na wateja, lakini mchuzi akaumwaga nje ya sahani.

Kisha Bertin akachukua likizo kiwandani, akaanza kusafisha nyumba. Alitupa viatu vya zamani, sawa. Akatupa mapazia. Akaitoa picha ya arusi ukutani akaichoma, akisema inashika vumbi. Siku ya kumi na tatu Reine alimkuta chooni ameshika rozari ya mama yake Bertin, ile ambayo marehemu alizikwa bila hiyo ili ibaki kwa mwana.

“Mikono mingi ilishika hii,” Bertin akasema, akaiachia shimoni.

Reine alipiga yowe mpaka majirani wakachungulia. Bertin akamtazama kwa utulivu, jicho la mtu anayekadiria doa litatoka kwa sabuni gani.

Kesho yake Sephora alirudi kutoka shule mbio, miguu vumbi tupu, akamrukia baba yake kiunoni. Bertin akaitoa mikono ya mtoto, kidole kimoja kimoja. Akaangalia alama za vidole kwenye shati jeupe.

“Hii mutoto iko chafu,” akasema. Sauti ilikuwa yake, lakini mwenyewe hakuwemo. “Kesho asubuhi nitaisafisha na yenyewe. Tutaanza na tumbo.”

Mkono wa pili ulikuwa tayari umeshika puwari, na ndani ya puwari kitu cha kijani kikatikisika.

Reine aliingia katikati yao. “Ukimugusa,” akasema kwa sauti ya chini, “nitakupiga na mwiko ya bukari mpaka ukumbuke jina ya mama yako.”

Bertin akafikiri. Tumboni mwake fagio likasimama, kama linalosikiliza.

“Mama yangu?” akasema. “Ile ilishatoka.”

Jioni hiyohiyo Reine alimpeleka Sephora kwa rafiki yake Danielle, mtaa wa tatu, na begi la nguo na onyo: mtoto asikanyage nyumbani mpaka mama yake aje kumchukua mwenyewe kwa mkono. Kisha akamvaa Orpa sokoni, katikati ya mafungu ya mizizi, hata kwa hasira akimwita yaya, dada mkubwa.

“Yaya, umemupa ndugu yako nini?”

Orpa alisikiliza yote huku uso unapauka. Lakini mtu aliyejenga nyumba hapendi kuambiwa ina nyufa. “Uchafu ikiwa karibu kutoka, inapigana,” akanong'ona. “Iko hivi kila mara. Afunge kavu siku tatu, asiguse ata maji. Na puwari asubuhi na mangaribi. Nakuomba, mulamu. Tukiacha katikati, atakufa kama baba.”

Hapa Reine alikosea, na mwenyewe hakatai. Alikubali. Hofu ilimwambia kwamba dada mtu anajua zaidi, na kwamba katika mji huu kila ugonjwa, kila laana, kila ndoto mbaya watu wanaitibu kwa kuitoa: tapika, funga, oshwa, kemewa. Basi wakatoa. Siku ya kwanza ya mfungo yalitoka maji ya kawaida. Siku ya pili yalitoka maji meupe, safi kuliko yaliyoingia. Siku ya tatu Orpa alikuwa ameinama na beseni, Reine ameshika taa, na fagio lililokuwa likifagia pole pole sasa lilivuma mpaka mlangoni, kisha barazani, likienda mbio, likikwangua kuta za mtu yule kama linafagia chumba kikubwa kuliko mwili wake, chumba chenye mwangwi, na Bertin amelala ubavu anatabasamu, mpaka kupitia meno yake yaliyofungwa ikatoka sauti kavu isiyokuwa yake, ikasema neno moja, taratibu, kama mtu anayeshukuru:

“Ongeza.”

Orpa aliangusha beseni, akatoka bila viatu.

Siku ya kumi na tisa, saa sita mchana, Bertin alikuwa amekaa kwenye malewa mbele ya meza tupu, kwa sababu Reine hakuthubutu tena kumwacha peke yake. Hapo ndipo Mathilde alipopita. Mathilde anapika lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo, nyuma ya karakana ya reli, na harufu yake hutangulia kuingia. Alikuwa mtani wa Bertin. Bertin ni wa ukoo wa Mvua, Mathilde wa ukoo wa Uyoga, na koo hizo zimetaniana tangu enzi za mababu: Uyoga anaweza kumtukana Mvua hadharani, akamnyang'anya nyama sahanini, akampaka majivu siku ya msiba, na Mvua hana ruhusa ya kukasirika. Reine, ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, hakuzaliwa na mambo hayo. Miaka ya mwanzo yalimkera. Baadaye aliona kwamba mume wake hakuwahi kucheka na mtu kama alivyocheka na yule mama mchafu.

“We Mvua ya bule!” Mathilde akafoka mlangoni. “Umekauka juu ya nini? Ata chura haiwezi kunawa mikono mu weye!”

Jibu lilikuwa linajulikana na malewa nzima. Kila mara Bertin humwambia: nyamaza, Uyoga, weye ulizaliwa mu mavi ya ng'ombe. Watu wakageuka kungoja.

Bertin alimtazama. “Mama, minye sikuyue,” akasema, kama anamwona leo kwa mara ya kwanza, akavuta kiti chake mbali naye.

Kicheko cha Mathilde kilikatika. Akasogea, akainamisha kichwa, akasikia. Fwaa, fwaa, fwaa. Akamshika Reine kiwiko, akamvuta nyuma ya kibanda.

“Anakunywa nini, ule?”

Reine akamweleza: udongo wa kijani, kichuguu, vigae vilivyoungua. Mathilde akakaa juu ya kreti tupu, mkono mdomoni.

“Mama Sephora. Ile haikuwa kichuguu. Ile ni tanuru.” Alinong'ona kama anaogopa kusikiwa na reli. “Bankambo yetu ya zamani balikuwaka banajenga tanuru na udongo ya kichuguu, ya kupika mawe, mukuba, ile shaba, itoke. Mu tanuru balikuwa banaweka mukishi. Kazi yake moja: kukula uchafu yote ya jiwe. Haikuwa mubaya, unasikia? Ilikuwa inatumika. Lakini jiwe ni jiwe. Ukiondosha uchafu mu jiwe, inabakia mukuba. Ukiondosha uchafu mu muntu, inabakia nini?”

Mukishi, jini, pepo, padri naye ana jina lake. Chagua unalopenda, kitu ni kilekile.

“Na kazi ikiisha?” Reine akauliza.

“Siku ya makumi mbili na moja mukuba inakuwa safi.” Mathilde alikutanisha mikono yake miwili, kisha akaitenganisha kwa nguvu, kama mtu anayevunja mkate. “Tanuru banaipasua. Haina mulango ingine ya kutokea.”

Reine alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. Kesho kutwa.

“Balikuwa banafukuza yo namna gani?”

“Benye kupika balikatazwa chumvi, mafuta, bibi, ata kicheko. Kazi ikiisha, banaita batani. Batani banaingia na pombe na matusi, banapaka majivu fasi yote, banakula pale pale. Mukishi haiwezi kukaa pa fasi ya vile, inaenda. Lakini bale bote balifanya kisha ya kupasua. Kabla ya kupasua, sikuona, sikusikia.”

“Utaona,” Reine akasema. “Kesho kutwa asubuhi, weye na bandugu yako. Na musioge.”

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja Bertin alikuwa amekaa sakafuni katikati ya sebule, kifua wazi. Sebule ilikuwa tupu. Hata misumari ya ukutani alikuwa ameing'oa. Ilinuka chuma kilichopashwa moto. Kutoka kooni hadi kitovuni palikuwa pamejichora mstari mwembamba, ulionyooka, na chini ya ngozi, katika mstari huo, kitu chekundu kilikuwa kinawaka na kufifia, kinawaka na kufifia. Fagio halikuwa tena na mapumziko. Vioo vya madirisha vilitetemeka nalo.

Reine akaingia na sufuria ya samaki wa chumvi waliozama kwenye mafuta ya mawese na pilipili, bukari kwenye sinia, amejifunga kitenge kile kile alichopikia siku tatu bila kubadilisha. Nyuma yake Mathilde na wanaume wanne wa ukoo wa Uyoga, wapakizi wa reli, jasho la juzi juu ya jasho la jana, wamebeba majivu kwenye ndoo. Orpa alikuwa mlangoni, amejitwika mikono kichwani, analia kwamba wanamuua ndugu yake.

“Yaya,” Reine akamwambia, “ingia mu uchafu pamoja na siye, ao rudia kwako na usafi yako. Lakini ule mulango uache wazi.”

Orpa hakuingia, wala hakuondoka.

Bertin akainua uso. Sauti kavu ikasema, “Weye.” Ilikuwa inamtazama Reine. “Uko uchafu ya mbali. Udongo ya hapa haikukuzaa. Nilikuacha wa mwisho. Toka.”

Na hapo hofu yote ya Reine, hofu ya siku kumi na mbili, ikageuka kuwa kitu kingine, maana neno lile alilijua, alilisikia akiwa na miaka sita, mwaka ule watu wa Kasai waliposukumwa kwenye stesheni ya Likasi na vitanda vyao na kuku wao, wakaambiwa mji unasafishwa, na mama yake alikaa juu ya sanduku la nguo wiki baada ya wiki akiona watoto wa wenzake wanazikwa kando ya reli, mpaka siku moja treni ilipokuja kila mtu akapanda isipokuwa mama yake, ambaye alisimama, akajipangusa vumbi, akambeba Reine mgongoni, akarudi kwa miguu mpaka nyumba ileile, akawasha moto, akapika.

“Ile neno yako nilishaisikia!” Reine akapaza sauti. “Bale balinisemea balikuwa bengi kupita weye, na balikuwa na mapanga! Mama yangu alirudia! Na minye siendi fasi, unasikia? Bwana ni yangu, uchafu ni yangu, nyumba ni yangu! Weye njo mugeni, si minye!”

Akachota bukari, akaichovya kwenye mafuta, akamsukumia Bertin mdomoni kwa kiganja kizima. Taya zilikuwa ngumu kama chuma. Mafuta yakatiririka kidevuni, yakashuka kifuani, na pale yalipogusa mstari ule yakachemka. Mstari ukapanuka. Ukawa upana wa uzi, ukawa upana wa kidole, na ndani yake hapakuwa na damu wala nyama, palikuwa na wekundu safi unaong'aa, na joto likawapiga usoni, na Orpa akapiga ukelele, na wale wanaume wanne, wabeba mizigo wasioogopa kitu, wakarudi nyuma mpaka ukutani, na Mathilde peke yake ndiye aliyebaki mbele, anamwaga majivu kwa mikono miwili kichwani mwa mtu yule, mabegani, usoni, huku anatukana, anatukana ukoo mzima wa Mvua, anatukana matone yao, matope yao, miguu yao ya bata, na fagio likafagia kila tusi kabla halijafika, fwaa, fwaa, fwaa, na Bertin hata kope hakupepesa.

Mathilde akaishiwa pumzi. Akashika magoti. Kisha akainua kichwa, na machoni mwake mkaingia kitu kiovu cha utani.

“We Mvua,” akasema. “Si weye njo ulijamba mbele ya padri siku ya ndoa?”

Fagio likasimama.

“Kanisa muzima ilisikia! Padri alikuwa anauliza kama unakubali, na weye ukajibu na matako! Na bibi yako huyu, na voali yake kichwani, akasema nini?”

Reine alihisi kicheko kinampanda mahali ambapo kilio kilikuwa kimekaa, akakiachia.

“Nilisema amina,” akajibu.

Kitu kikatikisika kwenye shavu la Bertin. Fagio likakwangua mara moja, kwa nguvu, likakwangua tena, lakini kumbukumbu hiyo ilikuwa imegandamana ndani na haikubanduka. Pua ya Bertin ikapanuka. Mabega yakaanza kucheza. Kicheko kilimtoka kwanza kwa sauti ya kikohozi, kisha kikawa kicheko kamili, cha tumbo, cha mate, na juu ya mdomo wake likatokea tone moja la jasho, halafu la pili, halafu uso mzima ukalowa na majivu yakawa tope. Akainama, akatapika kijani juu ya miguu ya Reine. Mstari kifuani ukajifunga, ukabaki kovu. 

“Nyamaza, Uyoga,” Bertin akasema, akikwama kwa kucheka na kulia. “Weye ulizaliwa mu mavi ya ng'ombe.”

Na wote wakaona: majivu sakafuni yakaanza kujigawa. Njia nyembamba ikajifagia katikati yake, fwaa, fwaa, kuelekea mlangoni. Mmoja wa wapakizi akaimwagia lutuku, mwingine akaitemea mate, Mathilde akaifuata kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Ikapita katikati ya miguu ya Orpa, ikavuka uwanja, majani ya mparachichi yakatengana huku na huku, ikatoka getini, ikashika barabara ya Kambove. Walisimama wakasikiliza mpaka hawakusikia tena.

Bertin alinuka. Mungu wangu, alinuka kwa siku ishirini na moja zote kwa pamoja, na Reine alimkumbatia, akaweka pua shingoni mwake, akalia kama mtoto. Kisha akamtuma mmoja wa wapakizi kwa Danielle kumchukua Sephora, akabadilisha mawazo, akatoka mwenyewe mbio kumleta mtoto kwa mkono kama alivyosema. Bertin alipomwona mtoto alikawia kidogo, akakunja uso, akatafuta. “Sephora,” akasema, na mtoto akamrukia na miguu yake ya vumbi.

Wakakaa sakafuni, wakala kutoka sinia moja, watani wakinyang'anyana minofu. Orpa ndipo alipopata nguvu ya kuvuka kizingiti. Alikaribia kwa magoti, machozi yanadondoka, akanyoosha mkono kumgusa ndugu yake bega.

Bertin akajivuta kidogo, kwa adabu. Akamtazama Reine.

“Huyu mama ni nani?”

Reine akaelewa: kile kitu kilianza kufagia kutoka chini kabisa, kwenye yale ya zamani, na palipokuwa na mama yake Bertin ndipo palipokuwa na dada yake pia.

Orpa akainuka. Alikuwa amezeeka kwa dakika ile moja. Akafunga kitenge vizuri, akageukia mlango.

“Unaenda wapi?” Reine akauliza.

“Nilimufagia na mikono yangu, mulamu. Acha niende.”

“Ikala!” Reine alimshika mkono, akamkalisha sakafuni mbele ya Bertin, kwenye majivu. Hasira ilikuwa bado mbichi, na hakuificha. “Weye uliondosha, weye utarudisha. Ata kama ni miaka kumi. Semea yeye. Anza na mwanzo.”

Orpa alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alipoanza, hakumtazama usoni.

“Jina yangu Orpa,” akasema. “Mama alikufwa weye uko na miaka mbili, minye niko na kumi. Nilikuwa nakubeba ku mugongo mpaka ku masomo. Ulikuwa unanikojolea kila siku, kila siku, na batoto banaziba pua, mwalimu ananiambia nikuache ku nyumba. Sikukuweka chini ata siku moja.”

Bertin alimsikiliza, mafuta kidevuni, kwa makini, kama anayesimuliwa habari za familia ya mji mwingine. Mwisho akavuta sinia, akatafuta kipande kizuri cha samaki, akakisukuma upande wa yule mgeni.

“Kula, mama,” akasema. “Kisha uendelee.”